Damu Ilitolewa Siku ya Ngapi? Namna ya Kusoma Kipimo cha Kingamwili

Mama mwenye mimba ya wiki 10 anakabidhiwa karatasi ya maabara: rubela, IgM chanya. Hana homa, hakutoka vipele, wala hajui alikutana na mgonjwa gani. Kabla ya jioni watu watatu wameshamwambia kwamba mtoto atazaliwa kipofu. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza damu ile ilitolewa siku ya ngapi, ukihesabu tangu nini.

Kipimo cha kingamwili hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta silaha ambazo mwili ulitengeneza dhidi ya kirusi, na silaha hizo huwa na majira yake ya kuonekana na kutoweka. Kwa hiyo neno "chanya" au "hasi" peke yake halijakamilika. Hukamilika likiwekwa pembeni ya tarehe. Haya ninayoandika ni kwa yeyote anayeshika karatasi ya namna hiyo: mgonjwa, ndugu yake, au tabibu kijana aliye kituo cha afya ambako hakuna bingwa wa kumuuliza.

Kirusi kikiingia mwilini kwa mara ya kwanza, mwili huanza na kingamwili za aina ya IgM. Kwa maradhi mengi huanza kuonekana kwenye damu siku chache tangu dalili zijitokeze, hupanda kwa wiki mbili tatu, kisha hushuka na kwa kawaida huisha ndani ya miezi michache. IgG huja nyuma yake, na hiyo hubaki miaka mingi, mara nyingi maisha yote. Ndiyo maana wanafunzi hufundishwa kwamba IgM ni ugonjwa mpya na IgG ni ugonjwa wa zamani. Kwa mtihani wa chuo, inatosha. Kwa mgonjwa aliyekaa mbele yako, haitoshi hata kidogo.

Nachukua rubela kuwa mfano mkuu kwa sababu hapo ndipo kosa la kusoma karatasi hugharimu zaidi. Mtu mzima akiugua rubela huona kama mafua yenye vipele na tezi zilizovimba nyuma ya masikio, na wengi hawaoni dalili yoyote. Lakini mama akiambukizwa katika wiki 12 za mwanzo za mimba, uwezekano wa kirusi kumfikia mtoto unaweza kufika asilimia 90, na madhara ni makubwa: mtoto wa jicho, uziwi, kasoro za moyo. Baada ya wiki ya 20 madhara huwa nadra. Rwanda iliingiza chanjo ya pamoja ya surua na rubela mwaka 2013, Tanzania mwaka 2014, Kenya mwaka 2016. Wanawake wengi waliokuwa wamepita umri wa chanjo wakati huo waliachwa na kinga waliyoipata kwa kuugua utotoni, au hawana kinga kabisa.

Uhusiano wa rubela na watoto hawa uligunduliwa bila kipimo chochote. Norman McAlister Gregg, daktari wa macho wa Sydney, aliona watoto wengi mno wanazaliwa na mtoto wa jicho, na mwaka 1941 akaeleza sababu. Kirusi cha rubela kilikuja kutengwa maabara mwaka 1962. Alichokuwa nacho Gregg ni maswali: mama, uliugua nini, na mimba ilikuwa na umri gani? Akapanga tarehe, jibu likajitokeza. Siku hizi tuna mashine, na nachelea kusema kwamba mashine imetufanya tuache kuuliza.

Kabla ya sindano kuingia mshipani, basi, tarehe nne ziandikwe kwenye fomu ya maabara: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siku vipele vilipotokea, siku ya kukutana na mgonjwa mwenye vipele, na mwaka wa chanjo kama alichanjwa. Isiyojulikana iandikwe kwamba haijulikani. Fomu nyingi zina sehemu ya maelezo ya mgonjwa, na sehemu hiyo hufika maabara ikiwa tupu kama ilivyochapishwa. Mtaalamu wa maabara asiyejua vipele vilitokea lini hawezi kumsaidia daktari, hata awe hodari kiasi gani.

Tuseme vipele vipo. Damu ikitolewa siku hiyohiyo vilipotokea, IgM ya rubela inaweza isionekane kabisa hata kama ugonjwa ni huo. Kipimo hasi cha siku ya 1 hakimwondolei mama shaka yoyote. Damu ya pili itolewe kuanzia siku ya 5 na kuendelea. Hapo wengi wenye ugonjwa kweli watakuwa wameshageuka chanya. Surua ina tabia ileile kwa kiasi: katika siku 3 za kwanza za vipele sehemu ya wagonjwa huwa bado hasi, na IgM inaweza kupatikana hadi karibu siku ya 28. Anayemwambia mzazi "si surua" kwa damu ya siku ya kwanza ameharakisha.

Sasa tuseme vipele havipo, ila mama alikaa na mtoto wa jirani aliyethibitishwa kuwa na rubela. Hapa kinachotangulia ni IgG. Damu itolewe mapema, ikiwezekana ndani ya siku 7 tangu wakutane. IgG ikipatikana wakati huo, ilikuwepo kabla ya mkutano huo, kwa sababu mwili hauwezi kuitengeneza haraka hivyo. Mama ana kinga, aende nyumbani akalale. IgG isipopatikana, maabara iombwe itunze kwenye friza kiasi cha seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, na mama arudi baada ya wiki 2 hadi 3. Bado hasi? Arudi tena wiki 6 tangu wakutane. Hasi ikigeuka chanya kati ya damu ya kwanza na ya baadaye, huo ndio ushahidi mzito kuliko wote wa maambukizi ya mara ya kwanza. Mwili ambao haukuwa na IgG sasa unayo, na katikati yake hapakuwa na chanjo.

Watu hawapendi kurudi. Nauli, foleni, ruhusa kazini. Lakini damu mbili za tarehe tofauti zinaeleza mambo ambayo damu moja haitaeleza hata ukiipima kwa mashine ya bei gani. Zipimwe pamoja, siku moja, kwa mashine moja na seti moja ya vitendanishi. Ukipima ya kwanza Januari kwenye maabara hii na ya pili Februari kwenye maabara nyingine, tofauti ya namba inaweza kuwa tofauti ya mashine tu. Pale maabara inapotumia njia ya kuzimua seramu hatua kwa hatua, kipimo cha kale kinachoaminika ni ongezeko la mara nne au zaidi, kwa mfano kutoka 1:16 hadi 1:64. Ongezeko la mara mbili lisikushtue, maana hata ukirudia seramu ileile unaweza kulipata. Na mashine zinazotoa majibu kwa yuniti hazifuati hesabu hiyo ya mara nne. Hapo uliza maabara yenyewe ongezeko gani wanalihesabu kuwa la kweli.

Turudi kwa yule mama wa wiki 10, asiye na vipele wala taarifa ya kukutana na mgonjwa. Huyu ndiye ninayemhofia, kwa sababu kipimo chake pengine hakikupaswa kufanywa. Piga hesabu nami. Chukua wajawazito 10,000 wasio na dalili, na tuseme 10 kati yao wana rubela kweli. Tuseme pia kipimo kinawanasa wote 10, ila hukosea kwa watu 2 katika kila 100 wasio na ugonjwa. Makosa hayo yatazaa karatasi chanya karibu 200. Jumla ya wenye karatasi chanya ni kama 210, na wagonjwa wa kweli ni 10. Kipimo hicho ni kizuri, hukosea mara chache, na bado kwa kila akina mama 21 wanaolia, 20 wanalia bure. Mpe kipimo hichohicho mtu mwenye vipele, homa na mgonjwa nyumbani, nacho kitakuwa cha kutegemewa.

Makosa hayo ya IgM yana vyanzo vinavyojulikana. Ugonjwa wa baridi yabisi huleta protini inayoweza kuidanganya mashine. Maambukizi ya kirusi kingine, hasa parvovirusi B19 ambayo nayo huleta vipele, yanaweza kuwasha IgM ya rubela. Kirusi cha Epstein-Barr huchokoza mwili utengeneze kingamwili za kila aina bila mpangilio, na malaria nayo inajulikana kwa uchokozi huo. Mimba yenyewe ni hali ambayo matokeo ya uongo huonekana. Na kuna walio na IgM ya kweli iliyokawia tu: wachache huibeba miezi mingi baada ya kupona au baada ya kuchanjwa.

Njia ya kutoka hapo ni kipimo cha aviditi, yaani uimara wa mshiko wa IgG. Kingamwili changa hushika kirusi kama fundo lililofungwa na mtoto, ukivuta kidogo linafunguka. Baada ya miezi kadhaa mwili hujifunza kufunga vizuri zaidi. Maabara huosha mchanganyiko kwa urea na kuona ni kiasi gani cha IgG kinabaki kimeshika. Mshiko hafifu huashiria maambukizi ya karibuni. Mshiko imara husema kwamba maambukizi yamepita miezi kama mitatu au zaidi. Kwa mama wa wiki 10, mshiko imara humaanisha aliambukizwa au kuchanjwa kabla ya kubeba mimba. Angalia, lakini, kwamba saa inatembea hapa pia: mshiko imara ukipatikana mimba ikiwa na wiki 30 hauwezi kukuambia kilichotokea wiki ya 8. Ndiyo faida ya kutunza seramu ya mahudhurio ya kwanza ya kliniki. Si kila hospitali inafanya kipimo hiki, na sampuli huenda ikahitaji kusafirishwa hadi maabara kubwa. Uliza kabla ya kuamua lolote lisiloweza kurudishwa.

Kutokana na hayo msomaji atanielewa nikisema kwamba ule mkusanyiko wa vipimo unaoitwa TORCH, unaouzwa na zahanati binafsi kwa wanawake walioharibikiwa mimba, mara nyingi ni fedha zilizotupwa. Unabeba toksoplasma (ambayo si kirusi hata kidogo), rubela, saitomegalovirusi na herpesi. Ukipima vitu vinne kwa IgM na IgG, unapata majibu manane, na ni ajabu kama hakuna hata moja litakalokuwa chanya. IgG chanya ya saitomegalovirusi katika nchi zetu haimaanishi chochote zaidi ya kwamba umeishi na watu. Karibu kila mtu mzima anayo. Chuo cha Kifalme cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Uingereza kilikwisha kusema kwamba TORCH haisaidii kutafuta chanzo cha mimba kuharibika mara kwa mara. Hata hivyo utakuta wanawake wanapewa dawa za miezi kwa sababu ya IgG. Dada, ukiandikiwa TORCH, uliza ni ugonjwa gani kati ya hayo manne unaoshukiwa na kwa dalili ipi. Jibu likiwa "tuangalie tu", unaruhusiwa kukataa.

Saitomegalovirusi na herpesi zinafundisha jambo jingine. Virusi hivi haviondoki mwilini. Hulala, na vikiamka IgM inaweza kuonekana tena. Kwa hiyo IgM peke yake haithibitishi kwamba ni mara ya kwanza, na tofauti hiyo ina uzito, maana hatari kwa mtoto tumboni ni kubwa zaidi mama anapoambukizwa saitomegalovirusi kwa mara ya kwanza. Hapa tena aviditi ndiyo mwamuzi, au damu ya zamani iliyokuwa hasi.

Kirusi cha Epstein-Barr, ambacho historia yake ilianzia kwenye uvimbe wa taya wa watoto aliouchunguza Denis Burkitt huko Uganda, kina ujanja wake mzuri. Kingamwili dhidi ya ganda la kirusi huja mapema, IgM na IgG karibu pamoja. Lakini zile dhidi ya protini iitwayo EBNA huchelewa miezi miwili hadi minne. Mtu mwenye koo linalouma, tezi na uchovu, akiwa na IgM ya ganda chanya na EBNA hasi, ameambukizwa karibuni. EBNA ikiwa chanya wakati homa ndiyo kwanza inaanza, tafuta sababu nyingine ya homa hiyo. Hapa kwetu wengi hukipata wakiwa wadogo mno bila kujua, ndiyo maana kipimo hiki huombwa kwa nadra.

Dengi ni habari ya mjini. Milipuko ya Dar es Salaam ya mwaka 2014 na 2019 iliwazoesha watu kipimo cha haraka chenye mistari mitatu ya kusoma: NS1, IgM na IgG. NS1 ni sehemu ya kirusi chenyewe, siyo kingamwili, na huonekana tangu siku ya kwanza ya homa. Mwenye homa ya siku 2 apimwe hiyo, au PCR, kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. IgM hutegemewa kuanzia siku ya 5 hivi. Anayepimwa IgM siku ya 2 na kuambiwa hana dengi hajapimwa bado. Mwenye NS1 chanya au IgM chanya bila IgG katika wiki ya kwanza huenda ni mara yake ya kwanza. IgG ikiwa juu mapema namna hiyo, tena IgM ikiwa hafifu au haipo, fikiria kwamba aliwahi kuugua dengi ya aina nyingine miaka iliyopita. Huyo aangaliwe kwa karibu zaidi, kwani dengi ya mara ya pili ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kutoka damu na kushuka kwa presha, hasa siku zile homa inapoanza kushuka na ndugu wameanza kushangilia.

Muulize pia mgonjwa kama alichanjwa homa ya manjano. Virusi vya homa ya manjano, dengi, Zika na West Nile ni ndugu, na kingamwili za mmoja hushika wengine. Abiria mwenye kitabu cha njano cha chanjo anaweza kutoa IgG ya dengi ambayo si ya dengi. Chikungunya, iliyoelezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 hadi 1953 huko kusini mwa Tanganyika, haimo katika ukoo huo, hivyo haileti mkanganyiko wa namna hiyo, ingawa homa yake na maumivu ya viungo hufanana na dengi. Na malaria ipimwe hata kama mstari wa dengi umetokea. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Kwa VVU, kanuni ya tarehe wengi wanaijua kutoka kwa washauri nasaha, wanaoita muda wa mwanzo kipindi cha dirisha. Kipimo cha kingamwili peke yake huweza kuchukua siku 23 hadi 90 tangu kuambukizwa kabla ya kugeuka. Vipimo vya maabara vinavyotafuta pia antijeni ya p24, yaani sehemu ya kirusi chenyewe, hupunguza muda huo hadi siku 18 hadi 45. Aliye na hatari ya juzi, kipimo cha leo kinamweleza maisha yake ya kabla ya hapo tu. Yeye asingoje dirisha lifungwe. Dawa za kuzuia maambukizi hutolewa ndani ya saa 72.

Homa ya ini B huenda kinyume. Mtu akienda kuchangia damu akaambiwa ana HBsAg, huanza kumtafuta aliyemwambukiza mwezi uliopita. HBsAg ni sehemu ya kirusi chenyewe, na husema tu kwamba kirusi kipo. Kipya au cha zamani hujulikana kwa IgM dhidi ya kiini cha kirusi, na kwa kurudia HBsAg baada ya miezi 6. Afrika Mashariki wengi waliambukizwa wakiwa watoto, kwa hiyo mtu mzima asiye na dalili, IgM yake ikiwa hasi, karibu hakika alikuwa nacho kabla hajaoa. Nimeona ndoa zikitikiswa na karatasi ambayo haikusema kilichodhaniwa.

Damu yenyewe nayo inataka adabu. Itolewe kwenye tyubu isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, yenye kifuniko chekundu, au ile ya jeli yenye kifuniko cha njano. Iachwe igande kama dakika 30, izungushwe kwenye sentrifuji, na seramu itengwe. Kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8 hudumu siku kadhaa. Zaidi ya hapo igandishwe chini ya nyuzi 20 hasi. Damu nzima isigandishwe, chembe zitapasuka na sampuli itaharibika. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara pia huharibu kingamwili, kwa hiyo ni bora kuigawa kwenye vichupa vidogo tangu mwanzo. Tyubu iandikwe tarehe na saa ya kutolewa damu. Karatasi nyingi za majibu huonyesha tarehe ambayo sampuli ilipokelewa, na sampuli iliyotoka wilayani inaweza kuwa imepitwa na siku 4.

Mwulize mgonjwa kama aliongezewa damu miezi ya karibuni, maana IgG ya mchangiaji huingia pamoja nayo. Aliyepungukiwa kinga sana anaweza asitengeneze kingamwili hata akiwa mgonjwa mahututi; kwake tafuta kirusi chenyewe kwa PCR.

Mtoto mchanga ni mtu wa pekee. IgG ya mama hupita kondo la nyuma, IgM haipiti. Kwa hiyo mtoto mchanga mwenye IgG ya rubela huenda amebeba ya mama yake tu, lakini IgM ikiwa chanya ni yake mwenyewe, na inaonyesha aliambukizwa tumboni. Kwa VVU, kingamwili za mama zinaweza kubaki kwa mtoto hadi miezi 18, ndiyo maana mtoto wa mama mwenye VVU hupimwa kwa PCR katika wiki ya 4 hadi 6. Mtoto anayeshukiwa rubela apimwe IgM katika miezi ya mwanzo, na hiyo ikikosekana, IgG ifuatiliwe: ya mama hushuka mwezi hadi mwezi, ya mtoto mwenyewe hubaki palepale.

Na mama aliyebainika hana IgG ya rubela, aliyepita salama hadi kujifungua, asiondoke wodini bila kuzungumza na muuguzi kuhusu chanjo. Haitolewi wakati wa mimba kwa sababu ina kirusi hai kilichopunguzwa nguvu. Baada ya kujifungua inaruhusiwa, hata akiwa ananyonyesha, na akishachanjwa akae mwezi mmoja kabla ya kubeba mimba nyingine. Tarehe ya chanjo hiyo iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki.